Mto Usiofuliwa

Corinth, Virginia
10 Machi 1956

Mwanangu Harlan,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi huku wazima, isipokuwa yule jogoo mwekundu, ambaye aliingia chunguni Jumapili iliyopita kwa kosa la kumrukia mchungaji miguuni. Mama Beasley wa posta anakusalimu na anauliza kama umeshaoa, maana ana binti wa dada yake. Pampu ya kisima imeanza tena kukohoa. Otis Bunch alikuja kuitazama. Huja kila Jumapili baada ya ibada, huifungua, huifunga, hula, huondoka. Huu ni mwaka wa tatu, na nimeanza kudhani pampu ile ina ugonjwa wa Jumapili.

Sasa neno lenyewe. Uliniandikia kwamba gari ulilopewa lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu, na kwamba ukikaa macho yako yanaishia kwenye usukani. Nilicheka sana. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mtu anayekimbiza gari bila kuona mbele si jambo la kuchekesha. Nimekushonea mto wa kukalia. Kitambaa nimekikata kwenye koti la marehemu baba yako, lile la kahawia alilokuwa akivaa sokoni. Kaka yangu naye hakuwa mrefu, na koti lile lilishakalia trekta la kila aina. Ndani nimejaza kilichokuwapo ghalani. Usiufungue, nimeushona mara mbili.

Pamoja na mto kuna gunia dogo la karanga zetu, za maganda, nimezikaanga mwenyewe. Wape na hao mafundi wako. Watu wanaoshinda na grisi mikononi hawali vizuri, nawajua.

Andika. Sio kadi yenye picha ya mnara. Andika.

Shangazi yako,
Opal


Indianapolis
2 Aprili 1956

Shangazi mpendwa,

Mimi mzima, meno yangu yote bado yapo. Naliandika hilo kwanza kwa sababu najua ndilo unalolitafuta ukifungua bahasha. Msalimie Mama Beasley, mwambie nimeoa gari. Msalimie na mgonjwa wa Jumapili.

Mto umefika, na sijui nikushukuru vipi. Jana niliukalia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku nikaiona kona kabla sijaingia ndani yake. Clete Vandiver, fundi wetu mkuu, aliutazama kwa jicho la upande. Clete ana shingo nene na hacheki. Magari ni yake kwanza, ndipo yawe ya mwenye magari, na kitu kigeni hakiingii humo kabla yeye hajakinusa.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Virginia."

Akaubonyeza, akaunusa kweli, akaurudisha. "Shangazi hana neno," akasema, na tangu hapo umekaa.

Sasa nikupe habari kubwa. Bwana Stroud, mwenye timu, anaunda gari jipya kwa ajili ya zile mbio kubwa za Mei mwakani, hapa hapa Indianapolis. Gari ni moja na sisi madereva wake ni wawili, mimi na Buddy Lasker wa Ohio. Buddy ni mrefu, ana meno meupe, na akipita wasichana wanasahau walichokuwa wakisema. Bwana Stroud ametuambia wazi, sote wawili tukiwa tumesimama mbele yake: mbio za mwisho za msimu, tarehe 14 Oktoba pale Wabash Bend, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye atakayepewa gari. Tangu nilipokuwa nikilizungusha trekta la baba nyuma ya ghala, wewe ukinifuata na ufagio, sijapata kutaka kitu kama ninavyolitaka gari hilo.

Naandika kwa haraka, Clete anapiga honi.

Wako,
Harlan


Corinth
22 Aprili 1956

Mwanangu,

Barua nimeipata, nikamsomea Otis, naye akasema huyo Buddy anaonekana mtu wa kuogopa matope. Otis ana haki ya kusema. Mbio zako za kwanza, pale maonyesho ya wilaya, ulikimbia na gari lake, na hakuwahi kukudai milango iliyobaki kule uwanjani.

Tumeanza kupanda. Mvua imekuja vizuri. Pampu iko vile vile.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Karanga, Harlan. Zilifika? Zilikuwa zimeungua? Hao watu walisemaje? Mtu huzaliwa kwenye karanga, akanyonyeshwa na mama aliyekula karanga, akasomeshwa na karanga, kisha anatumiwa gunia zima asiseme hata "zilikuwa na chumvi". Nimekutumia gunia jingine, nimepunguza chumvi.

Na sweta. Kina mama wa kanisani tumefuma pamoja, kila mmoja mistari yake. Mkono wa kushoto ni wa Mama Beasley, ndiyo maana ni mrefu. Rangi tulikubaliana kijani, ili tukuone ukiwa mbali siku tutakayokuja kukutazama.

Shangazi


Indianapolis
27 Mei 1956

Shangazi mpendwa,

Nimechelewa, na nimeshajipiga makofi mwenyewe kwa niaba yako. Tumezunguka majimbo matatu, kila wiki uwanja mwingine, kila uwanja vumbi la rangi yake. Naoga maji mekundu Jumapili na maji meusi Jumatano. Mbavu zinauma kidogo kutokana na usukani, hakuna zaidi.

Kwenye uwanja wa Cutler nilikuwa wa kwanza. Soma tena: wa kwanza. Buddy alinibana kwenye kona ya mwisho hadi nikasikia rangi ya gari langu ikibaki ukutani, lakini nilikuwa nimekaa juu na naona, nikapita kwa chini, upande wa ndani wa kona. Clete alinipa chupa ya maziwa ya kwake mwenyewe, na wenzangu wanasema hajapata kumpa mtu.

Karanga zimekwisha zote, Shangazi, za mwanzo na za pili. Halikubaki ganda. Waliozila walizifurahia mno na wanauliza zingine zitakuja lini. Sweta nimeipenda. Nimeiweka kwa ajili ya kanisani.

Wako,
Harlan, wa kwanza Cutler


Corinth
24 Juni 1956

Harlan,

Tu wazima.

Mchungaji alisimama kanisani leo, akawasomea watu gazeti la huko kwenu ambalo mpwa wake amemtumia. Limeandika: "Harlan Pruden, dereva chipukizi, mtoto wa wakulima wa mahindi kutoka Virginia."

Hatujawahi kulima mahindi.

Opal Pruden


Indianapolis
3 Julai 1956

Shangazi mpendwa,

Salamu hazitoshi leo, kwa hiyo naanza na magoti. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, ingawa ni fupi. Hujawahi kunisainia jina la ukoo.

Nilisema mahindi, ni kweli. Mwandishi aliuliza, "Kwenu huko mnalima nini?" Clete alikuwa nyuma yangu akifuta mikono, na mdomo ukasema mahindi kabla sijauruhusu. Nikueleze kwa nini, na ukicheka nitashukuru.

Huku kwenye mbio za magari, karanga za maganda ni nuksi. Wala si nuksi ya mzaha. Zinaizidi rangi ya kijani, na kijani chenyewe hakuna anayethubutu kukipaka gari. (Ndiyo, ndiyo maana sweta inakwenda kanisani tu.) Wanasema zamani gari fulani lilipinduka, na walipolinyanyua wakakuta maganda ya karanga kitini. Gari gani, wapi, la nani, ukiuliza kila mtu atakupa jibu lake, lakini wote wanaamini, na Clete anaamini kuwashinda wote. Msimu uliopita muuza karanga alipotea njia akaingia na sinia lake kwa mafundi. Clete alifuta mazoezi ya siku ile, akafagia sakafu kwa mkono wake, kisha akauchoma ufagio. Dereva aliyekuwa amenunua karanga za yule mtu alifukuzwa kazi kabla hajamaliza kutafuna. Kiti chake ndicho ninachokikalia mimi.

Sasa gunia lako lilipofika nifanyeje? Nililifungua chumbani nimefunga mlango kama mwizi. Nilikula kadiri nilivyoweza. Zilizobaki niliwapa kindi wa Bibi Schumann, mama mwenye nyumba ninayopanga. Kindi hao wamenenepa hadi paka amewaacha, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa mashaka. Ndio walioulizia zingine.

Sikuona haya kwa ajili yenu. Niliogopa kukosa kiti. Kama kwako ni kitu kimoja, nichape nikija.

Mtoto wa wakulima wa karanga,
Harlan


Corinth
19 Agosti 1956

Mwanangu Harlan,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli za shamba. Magugu mwaka huu yana kiburi. Mama Beasley aliumwa jino, likang'olewa, akalala siku mbili, na barua za wilaya nzima zikalala naye. Binti wa dada yake ameolewa na mtu wa bima, umekosa. Kanisa limepakwa chokaa. Ng'ombe wa Otis alizaa mapacha. Mapichi yamekuja mengi, nimesindika mitungi hadi rafu imepinda.

Mahindi nimekusamehe. Nilimsomea Otis habari ya kindi, akacheka hadi akadondosha spana kisimani, kwa hiyo sasa pampu ina sababu mpya. Mambo ya nuksi mimi siyaamini. Hayo ni maneno ya watu wanaosubiri injini ipoe na hawana la kufanya. Nakuambia siyaamini hata kidogo.

Jambo moja dogo, nisije nikalisahau. Ule mto, nirudishie niufue. Ni majira ya joto, una jasho la miezi mitano, utakutoa vipele. Utume kesho kwa posta ya haraka.

Shangazi

Usiufungue. Utume kama ulivyo.


Indianapolis
1 Septemba 1956

Shangazi mpendwa,

Asante kwa mapichi, mtungi mmoja tu ndio uliovunjika. Asante zaidi kwa ule msamaha, niliubeba mfukoni wiki nzima. Pole yake Mama Beasley.

Mto, hata hivyo, haufuliwi. Si uamuzi wangu. Clete ametoa amri kwamba tangu uingie garini sijapinduka, na kitu kinachofanya kazi hakiguswi na sabuni. Kabla ya kila mbio huinama, huugonga mara tatu kwa vidole, na kusema, "Haya, shangazi, kazi kwako." Mtu mzima, nusu tani, anazungumza na mto. Ukiubonyeza unachakachika kidogo, na Clete anasema ndiyo sauti ya bahati. Buddy alijaribu kuukalia siku moja kwa mzaha, Clete akamnyanyua kwa kola.

Msimu unakwenda vizuri. Mara mbili nimekuwa wa pili, Buddy mara moja wa kwanza, na tunakabana koo kama wake wenza. Kila anayetukuta anataja Oktoba.

Wako,
Harlan


Corinth
16 Septemba 1956

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hapa wazima. Karanga tumezing'oa, ziko juani.

Nimekutumia mto mpya. Wa pamba safi, laini, urefu ule ule, nimepima kwa kukumbuka. Huu ndio wa kukalia sasa. Ule wa zamani utie ndani ya sanduku nililotumia, andika jina langu, upeleke posta. Vitu vya kale vikikaliwa sana huharibu mgongo, nimesoma mahali.

Usinibishie, Harlan. Ni lini nilikuomba kitu?

Shangazi


Indianapolis
29 Septemba 1956

Shangazi mpendwa,

Mto mpya ni mzuri sana. Nimeuweka kitandani, naulalia. Ule wa zamani uko garini.

Umeniuliza ni lini uliniomba kitu. Juzi uliniomba mto, na kabla ya hapo hujawahi. Kwa hiyo na mimi nakuuliza: una nini? Hukuandika barua hata moja Julai nzima, kisha unadai mto kila barua. Unaumwa? Otis amefanya nini?

Siku ya Wabash Bend imekaribia. Usiku kona ya pili inaninyima usingizi, kisha gari jipya linaninyima uliobaki. Niombee, na usihangaike na kufua.

Harlan


Corinth
8 Oktoba 1956

Harlan,

Tunakuja. Otis ana lori. Tunaondoka Ijumaa alfajiri, Jumapili asubuhi tutakuwa uwanjani.

Usiingie kwenye gari hilo kabla hujaniona.

Shangazi


Corinth
14 Oktoba 1956, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Niko nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Kwa saa ya huko kwenu sasa hivi mmepanga mstari. Barua hii haiwezi kukufikia kabla ya mambo kwisha, na ndiyo sababu nina ujasiri wa kuiandika.

Tuliondoka kweli. Jumamosi asubuhi, katikati ya milima ya West Virginia, lori lilianza kutoa mvuke. Otis akafungua boneti, akasema pampu ya maji imekufa. Nikajua hapo ndipo safari imeishia, maana nani asiyemjua Otis na pampu. Yule bwana alivua koti, akalala chini ya lori, na kabla sijamaliza kula yai moja la kuchemsha alikuwa ameshatoka, anafuta mikono, lori linanguruma kama jipya.

Nikamtazama. "Otis Bunch. Miaka mitatu."

"Opal, pampu yako ningeitengeneza siku ile ile ya kwanza," akasema. "Ningekula wapi Jumapili?"

Sikujua nimpige au nicheke. Nililia, ndivyo nilivyofanya, na si kwa ajili ya pampu. Nilimweleza pale pale kando ya barabara kitu ambacho sikuwa nimemweleza mtu tangu Julai, na sasa nakueleza wewe.

Mto wako nimeujaza maganda ya karanga, mwanangu. Ghala zima lilikuwa na maganda mwezi wa Machi, makavu, mepesi, nikashindilia hadi uzi ukalia. Ndicho tulichojazia kila mto na kila godoro la nyumba hii. Nilipopata barua yako ya Julai nikahesabu mbio ulizokimbia umekalia nuksi niliyoituma kwa mkono wangu. Siamini mambo hayo. Lakini kila Jumapili nilikuwa kanisani siisikii hata zaburi, naona gari limepinduka na watu wamesimama wanatazama kitini. Niliishi maisha yangu yote juu ya karanga, na leo naogopa ganda. Sikuweza kukuambia, kwa sababu ukishajua utaingia kwenye kona ya pili ukiifikiria. Na sikuweza kukaa kimya. Nikabaki kukusumbua kuhusu sabuni.

Otis akaniuliza, "Ukifika huko utafanya nini? Utauchomoa chini yake mbele ya watu? Saa moja kabla ya mbio?"

Nikaanza kumenya yai jingine.

"Mto umemkaa vizuri tangu Aprili," akasema. "Tumwache akae."

Tukageuza lori. Hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya kama kugeuza lile lori. Tumefika alfajiri ya leo, kanisani sijaenda, na Otis yuko nje anatengeneza pampu ya kisima kwa sababu amesema hajui pa kuiweka mikono. Nayasikia maji yanatoka. Sasa sijui atakuja kwa kisingizio gani.

Kama uko hai na umeshindwa, nilaumu mimi. Kama uko hai tu, inanitosha. Niandikie upesi, mwanangu, hata kadi yenye picha ya mnara.

Shangazi yako,
Opal


Indianapolis
18 Oktoba 1956

Shangazi mpenzi,

Mzima. Meno yote yapo. Simu ya maandishi niliyotuma Jumapili jioni bila shaka umeshaipata, lakini Mama Beasley hufupisha, kwa hiyo haya ndiyo marefu yake.

Nilikutafuta asubuhi nzima. Niliingia garini mwisho kabisa, Clete akinisukuma kwa bega, nikilitazama lango. Nilidhani mmepata ajali njiani. Ndivyo nilivyoanza mbio za maisha yangu, nikiwa na hasira na wewe, na pengine ndizo zilizonisaidia, maana sikupata nafasi ya kumwogopa Buddy.

Sikushinda. Nilikuwa wa nne. Watatu wa mbele walikuwa watu wazima wenye magari bora kuliko langu, na nawavulia kofia. Lakini Buddy alikuwa wa tano. Mizunguko ya mwisho alikuwa ubavuni mwangu hadi naliona jino lake moja moja, na kona ya pili, ile ya kuninyima usingizi, alitaka kupita juu, nami nikalala chini kabisa kwenye udongo laini kama tulivyokuwa tukifanya na gari la Otis. Nilimtangulia kwa urefu wa boneti. Gari la Mei ni langu, Shangazi. Nililia ndani ya miwani hadi sikuiona bendera.

Sasa sikiliza. Nilipotoka garini nilikuwa nimechoka hadi najikokota, na msumari wa kiti ukauchana mto. Ukapasuka kutoka pembe hadi pembe. Maganda yakamwagika, Shangazi, yakamwagika kama mvua, kitini, kwenye pedali, juu ya viatu vya Clete Vandiver.

Clete alitazama viatu vyake. Akalitazama gari. Aliokota ganda moja, akalivunja kwa kidole gumba, akalinusa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Aprili."

"Cutler?"

"Na Cutler."

"Na mimi nimekuwa nikiyagonga kila Jumapili."

"Mara tatu tatu."

Alikaa juu ya gurudumu. Nikaona shingo inatikisika, nikadhani anaumwa, kumbe ndivyo anavyocheka. Hakuna aliyewahi kuona. Alipomaliza akawakusanya mafundi wote na kuwaambia kwamba ganda likiwa chini bila kushonwa ni nuksi, lakini ganda lililoshonwa na shangazi ni jambo jingine, na asisikie mtu akibisha. Kisha akaokota maganda yote, moja moja, akayatia kwenye kofia yake. Anauliza kama unaweza kushona mwingine kwa ajili ya Mei, mkubwa kidogo, maganda yale yale na nyongeza. Buddy naye ameniuliza pembeni kama una nafasi. Mwambie hapana.

Yule mwandishi wa gazeti alikuja tena. Nimekutumia kipande chake humu ndani, mpe mchungaji akisome kwa sauti. Aliniuliza kwetu tunalima nini, na Clete alikuwa nyuma yangu akifuta mikono vile vile. Nilimtajia karanga, nikamtajia herufi moja moja asije akakosea.

Limebaki jambo moja. Barua yako nimeisoma jana, na imenibidi nitoke nje nikatembee. Miezi yote ile ulibeba hofu hiyo kwa ajili yangu, na mimi hapa nikicheza na habari ya sabuni. Nisamehe, Shangazi. Nilijua.

Nilijua tangu siku ile ya Aprili. Wewe unadhani mtu aliyelala miaka kumi na minane juu ya maganda anaweza kuyakalia asiyatambue? Nilikuwa na wiki kadhaa katika mji huu, nalala usingizi wa mang'amung'amu, sina ninayemjua, gari kubwa kuliko mimi. Nikakaa, kabla injini haijawashwa, mto ukachakachika, na nikahisi niko kitandani kwangu na wewe uko jikoni. Nilimtazama Clete akiunusa, na nilikuwa tayari anifukuze mimi kuliko kuutoa. Mdomo ulisema mahindi. Lakini kila Jumapili nilikalia karanga.

Nisingeweza kukuambia. Ungenitumia wa pamba.

Msalimie Otis. Mwambie paa la ghala linavuja.

Mwanao,
Harlan